Nani Mlipa Kodi Humu Ndani?

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa shilingi 1,500, lakini ulituweka barazani hadi saa nne za usiku.

Sisi tunakaa Kawe, upande wa uswahilini, nyumba moja ya vyumba sita na mita moja ya LUKU. Nani asiyezijua nyumba hizi? Korido moja, choo kimoja uani, bomba moja, na mita moja inayowakumbusha wapangaji wote kwamba hapa duniani hakuna mtu anayeishi peke yake. Zamu ya kununua umeme huzunguka chumba hadi chumba. Mwezi ule zamu ya kwanza iliniangukia mimi. Nikanunua umeme wa 10,000 kwa simu, tokeni ikaja na uniti chache kuliko nilizozitarajia, maana ndani yake ilikuwa imekatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Utakumbuka, ndugu msomaji, kwamba tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500.

Nikatoka barazani, simu mkononi, kudai haki yangu. Kila chumba kinirudishie sehemu yake! Fundi wa chumba cha pili akasema yeye hana nyumba, ana godoro. Mzee wa chumba cha mbele, ambaye ujana wake aliumalizia Tanganyika Packers enzi kiwanda kile kikisindika nyama ya makopo, akasema kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Mama anayeuza chapati akauliza kwa nini yeye atoe sawa na mwenye friji. Mwenye friji ni mimi. Hapo mori ukanipanda, nikatamka maneno ambayo mpaka leo nayajutia:

"Jamani, tusizinguane. Humu ndani mlipa kodi ni mimi peke yangu. Kila mwezi nakatwa kwenye mshahara. Nyinyi mnalipa nini?"

Yule mama hakukasirika. Alikuwa anakanda unga wa chapati za alfajiri, na hakuinua hata uso.

"Mwanangu," akasema, "hebu nitajie kitu kimoja ninachonunua mimi ambacho serikali haijala kabla yangu."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kicheko cha mtu aliyepigwa ngwala mbele ya kadamnasi. Lakini usiku ule sikupata usingizi. Ni kweli, nani mlipa kodi humu ndani? Na mzigo huu tunaoubeba wote, ni nani anaubeba zaidi?

Nianze na mimi mwenyewe, kwa kuwa ndiye niliyejigamba. Mwajiriwa ana bahati moja ambayo wengine hawana: anaijua kodi yake hadi shilingi ya mwisho. Imeandikwa kwenye salari slipu. Tuchukue mtu ambaye, baada ya kutoa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, anabaki na mshahara wa 500,000 unaotozwa kodi. Mwaka wa fedha 2015/16 mtu huyo alikatwa 48,900 kwa mwezi. Mwaka 2016 kiwango cha chini kikashushwa kutoka asilimia 11 hadi 9, akakatwa 45,100. Julai 2020 ngazi zenyewe zikapangwa upya, na kipato kisichoguswa kikapanda kutoka 170,000 hadi 270,000. Makato yake yakaanguka hadi 20,700. Mwaka 2021 asilimia 9 ikawa 8, naye akawa analipa 18,400.

Mwenye macho haambiwi tazama. Makato ya mtu huyu yamepungua kwa zaidi ya nusu, na asiyekiri hilo ni mchoyo wa shukrani. Lakini laki tano ya 2015 si laki tano ya leo. Muulize anayenunua mchele. Na ngazi zile za 2020 zilipangwa kwa bei za 2020. Mwenye 500,000 akiongezwa hadi 600,000, kodi yake inatoka 18,400 hadi 36,000, karibu mara mbili. Ikiwa nyongeza ile ilikuwa ya kumsaidia kufukuzana na bei za sokoni tu, basi amepandishwa cheo karatasini akateremshwa jikoni. Na hapo hakuna waziri aliyesimama bungeni kusema kodi imepanda! Kodi imepanda yenyewe, kimyakimya, kama maji ya bahari yanavyopanda pale ufukweni huku wavuvi wanapiga stori.

Basi hapo nikajiona kidogo nina hoja. Lakini nikakumbuka nyumba mbili za jirani zetu, na hoja yangu ikaanza kulegea.

Nyumba ya kwanza baba anafanya kazi, na mshahara wake unaotozwa kodi ni milioni moja. Mama yuko nyumbani, si kwa uvivu, bali anamuuguza mkwewe aliyepooza na kulea watoto watatu. Nyumba ya pili mume na mke wote wameajiriwa, kila mmoja 500,000. Kila nyumba inaingiza milioni moja. Sasa fanya hesabu. Baba wa nyumba ya kwanza analipa 128,000 kwa mwezi. Wale wa nyumba ya pili wanalipa 18,400 mara mbili, yaani 36,800. Tofauti ni 91,200 kila mwezi. Fedha ileile, mtaa uleule, bei ileile ya samaki. Na nyumba yenye mgonjwa ndiyo inayolipa zaidi.

Je, sheria imemwonea? Sheria itajibu kwamba yenyewe haijui nyumba, inamjua mtu. Haiulizi unalisha wangapi, inauliza unapokea kiasi gani. Na jibu hilo lina mantiki yake. Wale wawili wanatoka alfajiri wote, wanalipa nauli mara mbili, wanamlipa dada wa kazi. Pengine mke yule asingeajiriwa kama sheria ingeujumlisha mshahara wake na wa mumewe. Kila mizani ina upande inaoulalia. Ninachosema ni kwamba tusimwangalie mtu salari slipu yake tukadhani tumeiona nyumba yake.

Sasa tumgeukie mama wa chapati, niliyemwambia halipi kitu.

Mwajiriwa hupimwa kwa kipato, mfanyabiashara mdogo hupimwa kwa mauzo. Hilo ni jambo dogo kulisema, lakini ndani yake mna shimo. Anayeuza chini ya 4,000,000 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Inasikika fedha nyingi, sivyo? Igawe kwa siku 365, utapata kama 11,000 kwa siku. Na hiyo si faida, ni mauzo: ndani yake mna unga, mafuta na mkaa. Tuseme mama anauza chapati na chai za 30,000 kwa siku. Kwa mwaka ni 10,950,000. Kwa jedwali la miaka hii ya karibuni, mtu wa kiwango hicho asiyeweka kumbukumbu za hesabu anatakiwa alipe 250,000 kwa mwaka. Tuseme tena kwamba katika ile 30,000 kinachobaki mfukoni ni 8,000. Kwa mwezi faida yake haifiki 250,000. Mwajiriwa anayepata kiasi hicho hakatwi hata senti, kwa sababu yuko chini ya 270,000. Mama huyu akifuata sheria kama ilivyo, analipa robo milioni kwa mwaka kwa kipato kilekile ambacho mimi ningesamehewa.

Kama anailipa au hailipi sikumuuliza. Si kazi yangu. Nasema tu kwamba nilipodai mimi peke yangu ndiye nakamuliwa, sikuwa nimefanya hesabu.

Halafu kuna ile kodi ya pili, aliyonipigia ngwala nayo. Kodi ya ongezeko la thamani ilianza kutozwa nchini Julai 1998 kwa asilimia 20, na tangu 2009 ni asilimia 18. Vyakula vingi visivyosindikwa vimesamehewa, na hilo ni jema. Lakini mtu hali mchele na kulala. Anafua kwa sabuni, anawasha taa, anampigia mama yake aliyeko kijijini. Katika kila vocha ya 1,000 kuna ushuru wa bidhaa na juu yake kodi ya ongezeko la thamani. Ukizijumlisha zinapita shilingi 200. Tokeni ya umeme yenyewe, ukiisoma kwa makini badala ya kukimbilia zile tarakimu ishirini, ina asilimia 18 ya kodi hiyo, asilimia 3 ya umeme wa vijijini na asilimia 1 ya msimamizi wa nishati. Daladala yetu ya Kawe inakunywa mafuta yenye tozo, na kondakta haweki tozo hiyo kutoka mfukoni mwake. Anaiweka kwenye nauli.

Na kodi ya namna hii haina ngazi. Mwenye gari linalotuvukia vumbi kuelekea Mbezi Beach na mama wa chapati wakinunua sabuni ya aina moja, wanalipa kodi moja. Kwake yule ni chembe ya mchanga, kwa huyu ni tofali. Kodi ya mshahara, pamoja na kasoro zake zote, humwambia mwenye kingi atoe kingi. Kodi ya sabuni humwambia kila mwenye ngozi atoe sawa.

Mzee wa Tanganyika Packers ndiye aliyenifungua macho zaidi. Kesho yake nilimkuta amekaa kwenye kiti chake cha kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umelala na deni lako?"

Akanisimulia habari za kodi ya kichwa. Sisi vijana tunaisikia kama hadithi ya sungura na fisi. Kwanza Wajerumani walikuja na kodi ya kibanda mwaka 1898, rupia tatu kwa kila kibanda, wala lengo halikuwa fedha pekee. Mtu asiyekuwa na rupia ilimbidi aende shambani kwa mlowezi akaitafute. Kodi ile, pamoja na pamba ya lazima, ni miongoni mwa yaliyowasha moto wa Maji Maji mwaka 1905. Waingereza nao wakaja na kodi ya kibanda na kichwa. Baada ya Uhuru, mwishoni mwa miaka ya sitini, kodi ya kichwa ikafutwa. Lakini miaka ya themanini, halmashauri zilipofufuliwa, ikarudi na jina zuri: kodi ya maendeleo. Wananchi hawakudanganyika na jina. Waliendelea kuiita kodi ya kichwa mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Waganda nao waliifuta ya kwao mwaka 2005.

"Ilikuwa noma?" nikamuuliza.

"Mwanangu, ulikuwa huendi kunywa chai bila stakabadhi mfukoni. Mgambo wakitokea mbele, wanaume tunaruka michongoma. Mimi suruali yangu ya harusi ilichanikia kwenye michongoma." Akacheka, halafu akanyamaza. "Lakini nikwambie kitu. Kila mtu alijua anadaiwa ngapi. Na kila mtu alijua amelipa ngapi. Ndiyo maana tulikuwa tukikutana na diwani tunamuuliza, zahanati iko wapi?"

Maneno haya yalinipa tabu kuyameza. Kodi ya kichwa ilikuwa dhuluma. Tajiri na maskini kichwa kimoja kimoja, na asiyekuwa nacho anakimbizwa kama mwizi. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka irudi. Lakini ilikuwa na sifa moja ambayo kodi ya sabuni haina. Ilionekana.

Wahenga walimchunguza panya wakaona jinsi anavyomla mtu vidole usingizini: anauma huku anapuliza. Unaamka asubuhi ukiwa na kidonda, hujui saa ngapi kilipatikana. Kodi za siku hizi nyingi ni za kuuma na kupuliza. Hazimkimbizi mtu michongomani, hazimvunjii heshima mbele ya wanawe, na kwa hilo nazisifu. Ila zimetuachia swali la kimaadili ambalo babu zetu hawakuwa nalo: je, ni bora dhuluma ninayoiona, au upole unaonifanya nisijue nimetoa nini?

Wako watakaosema hili ni swali la watu walioshiba. Serikali inahitaji fedha za dawa, madarasa na barabara. Ikizipata bila kelele, kelele za nini? Hoja hiyo ina uzito, na mimi siko katika kundi la wanaodhani kodi yote ni wizi. Mtaa usio na kodi ni mtaa usio na mtaro. Lakini Adam Smith, yule Mskoti aliyeandika mwaka 1776, alipotaja kanuni za kodi njema hakuishia kwenye kulipa kwa kadiri ya uwezo. Aliongeza kwamba kodi sharti iwe wazi kwa mlipaji: kiasi gani, lini, na kwa njia gani. Na dini zetu zilikuwa zimeshajua hayo zamani. Anayetoa zaka anajua nisabu yake na anajua arobaini ya mali yake ni ngapi. Anayetoa fungu la kumi anahesabu kumi zake mwenyewe. Maskini wa kutupwa hadaiwi zaka, anapewa. Aliyetoa anajua ametoa, kwa hiyo ana ujasiri wa kumtazama msimamizi usoni.

Ushahidi wa hili tunao wenyewe, wala si wa vitabuni. Julai 15, 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu. Ilikuwa ya kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, na ilikuwa na kosa moja kubwa kwa upande wa waliyoibuni: ujumbe wa simu uliitaja. Umemtumia mama yako hela ya dawa, simu inakwambia waziwazi, na serikali imechukua hii. Nchi nzima ilipiga kelele, kuanzia vijiweni hadi maofisini. Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Sasa jiulize: asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani iko kwenye manunuzi yetu miaka mingi, na inachukua zaidi. Mbona hatukuwahi kuipigia kelele namna ile? Kwa sababu sabuni haitumi ujumbe.

Mwaka ule wa 2021 una somo jingine. Mei Mosi ilitangazwa jukwaani, kwa shangwe, kwamba asilimia 9 ya mshahara itakuwa 8. Kwa yule mtu wetu wa 500,000 hiyo ilikuwa nafuu ya 2,300 kwa mwezi. Julai ikaja tozo ya miamala. Agosti ikaja 1,000 ya LUKU. Sisemi kuna mtu alikaa akapanga hivyo. Nasema nafuu ilikuja na tarumbeta, mzigo ukaja na tokeni.

Jirani zetu Wakenya wamepita njia ngumu zaidi. Kwa jedwali lao la 2023, mshahara ukishapita shilingi 32,333 za kwao kwa mwezi, fedha ambayo ukiibadilisha haifiki milioni moja yetu, kinachozidi hapo kinakatwa asilimia 30; sisi asilimia hiyo inaanzia juu ya milioni. Juu yake wakaongezwa asilimia 1.5 ya nyumba, na tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 ya afya. Mswada wa fedha wa 2024 ulipoletwa, ukitaka hata mkate utozwe asilimia 16, vijana waliusoma kifungu kwa kifungu wakaueleza kwa lugha za mitaani. Juni 25 wakaingia bungeni, na kesho yake Rais Ruto akautupa mswada. Vijana wengi walipoteza maisha katika maandamano yale, na sitaki kuifanya damu yao kuwa pambo la insha yangu. Ninalolichukua ni moja tu. Wale hawakuanza kwa kuandamana. Walianza kwa kusoma.

Turudi barazani Kawe, maana 1,500 yangu ilikuwa bado haijalipwa.

Kila pendekezo lililotolewa usiku ule lilikuwa falsafa nzima, ingawa hatukujua. Fundi alisema tugawe kwa vyumba sita, kila chumba 250. Hiyo ni kodi ya kichwa. Mwingine akasema kila mtu alipe kwa kadiri ya umeme anaotumia. Hiyo ni kodi ya sabuni, ila kwa bahati ingemwangukia mwenye friji. Mama wa chapati akasema mwenye mshahara atoe zaidi, na hiyo ndiyo ileile kodi ya mapato niliyojivunia kuilipa. Ajabu ni kwamba nilipotakiwa kuilipa kwa majirani zangu niliikataa. Na mzee akashikilia lake: mwenye jengo ndiye alipe. Lugha yetu yenyewe ilikuwa inatucheka. Sisi tunamlipa mwenye nyumba kodi, na mwenye nyumba anadaiwa kodi, na kodi mbili hizo zimekutana kwenye mita moja, zote zikatoka mfukoni mwa mpangaji.

Tukakubaliana na mzee. Mwenye nyumba alipokuja mwisho wa mwezi tukamweleza kwa adabu. Alisikiliza vizuri, akakiri kwamba kweli kodi ya jengo ni yake, akatoa 1,500 pale pale akanikabidhi. Tukafurahi. Kisha, akiwa ameshafika mlangoni, akasema kuanzia mwezi ujao chumba kitaongezeka 5,000, maana maisha yamepanda.

Vyumba sita mara 5,000 ni 30,000. Ametoa 1,500. Na wewe unayesoma usimlaani haraka. Pengine hata yeye maisha yamempanda kweli. Lakini nimejifunza kwamba jina lililoandikwa kwenye hati ya kodi na bega linaloibeba ni vitu viwili. Mzigo wa kodi hukaa kwa asiyekuwa na mtu wa kumsogezea. Mwenye nyumba ana mpangaji. Mwenye duka ana mteja. Kondakta ana abiria. Mama wa chapati ana nani? Akipandisha chapati kwa shilingi mia, fundi anakula mbili badala ya tatu.

Nilimwomba radhi. Nilimwambia, "Mama, siku ile nilikosa." Akaniambia yamekwisha, akaniongezea chapati, na hiyo nayo sijui ilikuwa kodi ya nani.

Baada ya hapo sikufanya jambo la kishujaa. Nilichukua karatasi nikaibandika ukutani kwenye korido, karibu na mita. Kila anayenunua umeme anaandika: amenunua wa kiasi gani, kodi ya ongezeko la thamani ngapi, vijijini ngapi, jengo ngapi, uniti ngapi. Karatasi ile haijapunguza hata senti moja. Fundi aliicheka, akasema nimefungua ofisi ya mapato koridoni. Lakini naona kila mtu anayepita na ndoo anasimama kidogo.

Juzi nilimkuta mama wa chapati amesimama mbele yake, kanga begani, kidole kinafuata mstari. Alikuwa ameiruka ile mistari mingine yote akafika kwenye safu ya jengo, akaijumlisha kichwani kama anavyojumlisha chapati.

"Elfu kumi na nane kwa mwaka," akasema. "Nyumba moja hii. Na mtaa wetu una nyumba ngapi?"

Sikuwa na jibu.

Akageuka akatazama nje, kwenye mtaro ulioziba tangu masika. "Sasa mwanangu," akasema, "mwenyekiti wa mtaa anapatikana siku gani?"